Jogoo Ameshatembea, Nkwabi Bado Yuko Kwenye Hogo

Timu ya Mpira wa Miguu ya Chapakazi,
Kijiji cha Mwanhembe,
Ushetu.
1 Septemba 2025

Mganga Mfawidhi,
Hospitalini,
Kahama.

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DAKTARI WA MIFUPA KWA KUKATAA USHAHIDI WA JOGOO

Shikamoo. Sijui umri wako, lakini cheo chako kinatosha kuamkiwa, na kama wewe ni mdogo kwangu basi itunze shikamoo hiyo utakuja kuitumia. Sisi huku Mwanhembe ni wazima. Msimu wa tumbaku umekwisha, watu wana nafasi, ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu.

Mimi ni Sostenes Bujiku, katibu wa timu ya Chapakazi na mjomba wa mgonjwa. Mgonjwa ni Nkwabi, umri miaka ishirini na moja, winga wa kulia, jezi namba saba. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na tumemlea mimi na mama yangu mzazi, Bibi Nyamizi, tangu akiwa anatambaa. Tarehe 17 Agosti, kwenye nusu fainali ya kombe la kata, Nkwabi alifunga goli dakika ya themanini na nane, akakimbia hadi kwenye kona na kukipiga teke kibendera kwa furaha, kama anavyofanya siku zote. Bahati mbaya tulikuwa kwenye uwanja wa wachimbaji wa dhahabu, na wenyeji wetu walikuwa wamekifunga kibendera hicho kwenye mtaimbo waliouzamisha ardhini kwa nyundo. Mtaimbo haukutikisika. Tulishinda moja bila.

Daktari wako wa mifupa, Daktari Theonest, alimpiga Nkwabi picha na kutuonyesha mfupa mrefu wa pembeni mwa unyayo, ule unaokwenda kwenye kidole kidogo, ukiwa umekatika karibu na shina lake. Akamfunga hogo, yaani plasta ngumu, mpaka gotini, akampa magongo, akamwambia asikanyage kwa wiki sita, kisha apigwe picha nyingine, na mfupa ukikataa kuunga atatiwa skrubu. Fainali ni Jumamosi hii, tarehe 6, dhidi ya Duara Namba Tano, timu nyingine ya wachimbaji. Zawadi ni dume la ng'ombe. Tumefika fainali mara tatu na dume tumelishika kamba mara tatu, wakati wa kupiga picha ya pamoja kabla ya mechi. Zaidi ya hapo, Desemba Nkwabi ameitwa kwenye majaribio na timu moja ya daraja la kwanza, jambo ambalo kijijini kwetu halijatokea tangu nilipoitwa mimi.

Baada ya utangulizi huo mfupi, naomba nieleze malalamiko yetu kwa mpangilio.

1. Jogoo wetu alizuiwa getini.

Labda wewe si mwenyeji wa huku, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu akivunjika haendi kwa fundi wa mifupa peke yake, anakwenda na jogoo. Fundi anamvunja jogoo mguu pale pale alipovunjika mgonjwa, anamfunga vijiti vile vile na kumpaka dawa ile ile, kisha wote wawili wanasubiri. Siku jogoo anapokanyaga, mgonjwa naye anakanyaga. Hakuna kubishana na hakuna picha ya pili. Fundi wetu, Mzee Salmini, ameifanya kazi hii kwa miaka arobaini na hajawahi kulalamikiwa na jogoo hata mmoja.

Kwa Nkwabi kulikuwa na ugumu kidogo, maana Mzee Salmini alipofika alikuta mguu umeshafunikwa na hogo na dawa haina pa kupita. Hakukata tamaa. Dawa yote, pamoja na fungu la Nkwabi, akampaka jogoo.

Jogoo nilimchagua mwenyewe: mwekundu, shingo tupu, mkia mweusi, mwenye adabu. Siku iliyofuata nilipanda naye basi mpaka Kahama ili Daktari Theonest amwone na waanze kushirikiana. Mlinzi wa getini, anayeitwa Edson, akasema hospitali hii haitibu mifugo. Nilimweleza kwa upole kwamba jogoo si mgonjwa, jogoo ni kipimo. Akaniuliza kama kipimo kina kadi. Foleni nzima ilicheka, nami katibu mwenye muhuri nikabaki nimesimama juani na kipimo kwapani.

2. Wiki sita zimetoka wapi?

Nilimuuliza Daktari Theonest kama ameisoma ratiba ya kombe. Akasema mfupa haujui ratiba. Ratiba hiyo imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata tangu Juni, na sioni kwa nini mfupa wa mwanamichezo uwe wa mwisho kupata habari.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 1997 nilivunjika mfupa huo huo, mguu wa kushoto, nikiwa na umri wa Nkwabi na namba yake hiyo hiyo mgongoni. Jogoo wangu alitembea siku ya kumi na tatu. Nikavua vijiti, nikacheza fainali siku ya kumi na nne, na tangu hapo sijawahi kuwa na tatizo lolote la mguu. Nasema hivi kwa sababu Daktari Theonest alinitazama nikivuka chumba chake akaniuliza kwa nini nachechemea. Sichechemei. Ardhi ya Mwanhembe imeinama kidogo upande wa kushoto, na mtu aliyezaliwa huko ameizoea. Akaniambia pale tulipo ni Kahama, tena kwenye sakafu ya vigae. Nikamwambia basi fundi wa vigae alikosea.

Hata mwaka ule nilipokwenda kwenye majaribio yangu, kocha alinitoa baada ya dakika kumi, na baadaye nikagundua kwamba uwanja wao nao umeinama. Stendi ya Kahama pia imeinama. Kanisani kwetu wakati wa kupeleka sadaka naiona sakafu inavyoinama, na nimeshawaambia kamati ya ujenzi. Fundi viatu wangu, Hamza, kila mwaka anabadilisha soli ya kushoto mara mbili na ya kulia hata mara moja hapana, halafu anasema tatizo ni mimi. Nimemvumilia kwa sababu ni jirani.

3. Damu yetu haikufika mguuni.

Daktari Theonest alisema mbele ya wachezaji wote kwamba mahali alipovunjika Nkwabi pana damu kidogo, ndiyo maana mfupa wa pale huchelewa kuunga. Mheshimiwa, ukoo wa Nkwabi ni wafugaji. Wamekunywa maziwa tangu enzi na enzi. Kuambiwa hadharani kwamba wana damu kidogo ni jambo zito, lakini hatukugombana naye. Tulifanya kinachofanywa na watu waungwana. Wachezaji kumi na mmoja, pamoja na kipa wa akiba, walikuja hospitalini kwenu wakajitolea damu. Muuguzi aitwaye Samia aliwapokea vizuri, akawapa soda na biskuti, akawashukuru kwa niaba ya taifa.

Tulipomwomba aielekeze damu ile kwenye mfupa wa kidole kidogo cha Nkwabi, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tunasubiri. Beki wetu wa kati alipata kizunguzungu mazoezini siku iliyofuata akajifunga goli. Tunaomba kujua damu ya Chapakazi ilipewa nani, na kama mtu huyo anacheza mpira, anachezea timu gani.

4. Maandishi juu ya hogo.

Kwa kalamu nene ya wino mwekundu, Daktari Theonest aliandika kwenye hogo: USIKANYAGE MPAKA 28/9. Maandishi hayo yameniharibia kazi. Kijiji kizima sasa ni askari. Nkwabi akiinuka tu kwenye kiti, mtu aliyeko ng'ambo ya barabara anapiga kelele kwamba leo si tarehe 28. Mwenyekiti wa kitongoji alimsimamisha njiani akamkagua unyayo wa hogo kama una vumbi. Watoto wa chekechea wameshajua kusoma neno usikanyage kabla ya kujua kusoma baba.

Mashabiki wa Duara Namba Tano nao walikuja kumpa pole. Walilipiga picha hogo hilo na kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Kahama mpaka Geita, wakiandika chini yake kwamba hiki ndicho kikosi cha Chapakazi. Siri ya timu imetolewa na hospitali, tena kwa wino usiofutika. Nilijaribu kwa sabuni ya unga.

5. Jogoo amepona, na ninao ushahidi wa maandishi.

Nimeweka daftari la maendeleo ya jogoo tangu siku ya kwanza, na nimeambatanisha kurasa zake. Siku tatu za mwanzo alilala tu, mguu wa kulia umenyooka, anakula mtama kidogo, anawika kwa sauti nzito ya huzuni. Siku ya nne sikuandika kitu kwa sababu tulikuwa na ugeni mkubwa: wakwe watarajiwa walikuja kwa ajili ya binti yangu Limi. Mama yangu aliwapikia mwenyewe. Tulikula vizuri sana. Mchuzi ulikuwa na uchungu kidogo kama wa mitishamba, na wageni waliusifu wakasema unafungua kifua.

Kuanzia siku ya tano ndipo dawa ya Mzee Salmini ilipoonyesha nguvu zake. Jogoo aliamka ameongezeka uzito. Sauti yake ilikuwa nyembamba na changamfu. Makucha yake yalikuwa mafupi zaidi, na Mzee Salmini alipoelezwa jambo hilo alisema dawa ikikolea hurudisha ujana. Hakunitambua hata kidogo, akanidonoa mkono. Vijiti navyo nilivikuta viko mguu wa kushoto, wakati daftari langu linasema kulia, kwa hiyo nilifuta neno kulia kwenye kurasa zote za nyuma. Mtu akiandika kwa haraka hukosea.

Siku ya tisa alianza kuonyesha hamu ya kutembea. Kila tulipogeuka alirukaruka kwa mguu mmoja kuelekea kwa jirani yetu Mama Shadya, akapanda kwenye banda la kuku la mama huyo na kutulia humo kana kwamba ndiko kwao. Siku ya kumi na mbili, Ijumaa iliyopita, mama yangu alimwonea huruma akamfungua vijiti. Jogoo alitembea. Si kutembea tu: alikimbia, akampiga jogoo wa mwalimu mkuu, akaruka uzio na kwenda zake kwa Mama Shadya bila kuchechemea hata chembe. Mashahidi ni nusu ya timu na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ametia dole gumba.

Mheshimiwa, kipimo kimetoa majibu. Kwa nini mgonjwa bado amefungwa?

6. Haki sawa uwanjani.

Kama Daktari Theonest anashikilia kwamba hogo libaki, basi tunaomba usawa. Winga wa kulia wa Duara Namba Tano naye afungwe hogo kuanzia Alhamisi, mguu wowote atakaoupenda mwenyewe. Ikionekana hilo ni upendeleo, tuko tayari timu yao yote kumi na mmoja ifungwe. Wachimbaji ni watu waliozoea tabu, na hatudhani watakataa wakiombwa na mtu mwenye koti jeupe.

Hilo nalo likishindikana, basi aliyetunyang'anya winga atulipe winga. Daktari Theonest ana miguu mirefu, na muuguzi Samia ametuambia, bila kujua tunaulizia nini, kwamba anavaa kiatu namba arobaini na tatu. Jezi namba saba imeshafuliwa na kupigwa pasi. Aje saa nane mchana, mechi ni saa kumi. Tunaomba hospitali impe ruhusa ya kikazi.

7. Msumeno.

Hili ni la mwisho na ninaliandika kwa heshima. Tusipopata jibu kufikia Ijumaa, tutalikata hogo wenyewe. Fundi seremala wa kijiji ameshanoa msumeno. Benchi la kulalia mgonjwa lipo. Mzee Salmini atasimamia, na jogoo ataletwa kutoka kwa Mama Shadya ili awepo kama shahidi. Jumamosi Nkwabi atavaa kiatu na kuingia uwanjani.

Usidhani tunamlazimisha. Yeye ameniambia kwa mdomo wake: "Mjomba, ukisema nicheze, nitacheza. Wewe ndiye unayejua." Na mimi najua, kwa sababu nilishapita njia hiyo hiyo, na nimesimama hapa nilivyo.

Kwa heshima hizo zote naiweka kalamu chini, nikikutakia uongozi mwema na kupungua kwa wagonjwa. Msalimie muuguzi Samia na umwambie beki wetu wa kati amepona kizunguzungu. Msalimie Edson wa getini, sina kinyongo naye. Msalimie hata Daktari Theonest. Mama yangu anawasalimu wote, pamoja na Limi, wakwe watarajiwa, kamati nzima ya Chapakazi, na dume la ng'ombe, ambalo kwa sasa linalishwa kwa diwani na linaendelea vizuri.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Sostenes Bujiku
Katibu, Chapakazi
(muhuri)

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Chama cha Mpira, Afisa Mifugo, Mzee Salmini (asomewe).

NYONGEZA KWA KALAMU

Mheshimiwa, barua hii imeshachapwa Kahama na kupigwa muhuri, na nakala za wakubwa zimeondoka na bodaboda asubuhi, kwa hiyo siwezi kuichana. Naomba uisome yote kama ilivyo, kisha ufuate haya ninayoyaandika hapa na si yale ya juu.

Mchana huu nimemsomea mama yangu barua ili atoe baraka zake. Kwenye damu alicheka. Kwenye hogo alicheka mpaka akafuta machozi. Nilipofika kwenye sauti nyembamba ya jogoo alicheka akaniomba nirudie. Halafu nikarudi nyuma kumsomea kipande cha mwaka 1997, nilichokuwa nimekiruka, ile habari ya ardhi kuinama, na hapo akaacha kucheka. Aliutazama mguu wangu. Kisha akaniambia:

"Ng'wanawane, mwanangu, yule jogoo mlimla. Wakwe walifika mapema, kuku wote wakakimbilia porini, akabaki yeye peke yake asiyeweza kukimbia. Ningefanyaje? Huyu mwingine nimempata kwa Mama Shadya. Mguu wake haujawahi kuvunjika hata siku moja. Mlikuwa mnataka jogoo atembee, nikawapa jogoo anayetembea."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, dawa yote ya Nkwabi iko tumboni mwangu na mwa wakwe watarajiwa.

Nilimuuliza, na wa mwaka 1997? Akainamisha kichwa. Akasema mwaka ule walikuja wageni wa marehemu baba, siku ya sita, na mambo yalikuwa hayo hayo. Amesema kila asubuhi kwa miaka ishirini na nane amenisikia nikitembea uani, mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, na kila asubuhi ameogopa kusema. Leo amesema kwa sababu hawezi kusikia watu wawili wenye miguu ya namna hiyo kwenye ua mmoja. Nimekasirika, nimelia, kisha nimekula alichonipikia, maana ni mama.

Nilitoka nje nikautazama uwanja wetu. Nilichukua pimamaji ya seremala, ile ya kupimia kama mbao imelala sawa, nikailaza pale katikati. Kiputo cha hewa kilikaa katikati. Nikaenda mpaka kanisani nikailaza kwenye sakafu. Kikakaa katikati. Ardhi ya Mwanhembe imenyooka kabisa, Mheshimiwa. Nimepitia kwa Hamza kumwomba radhi.

Nkwabi nimemwambia hachezi. Ameniuliza mara tatu kama nina hakika, na mara zote tatu nimesema ndiyo. Msumeno nimeuchukua mimi, uko chini ya kitanda changu. Daktari Theonest aliache hogo mpaka tarehe 28, na akiona inafaa aongeze jingine juu yake, na ile picha ya pili tutakuja kupiga bila kubisha. Desemba nataka kocha amwone mtoto wa dada yangu akikimbia dakika tisini. Kuhusu jezi namba saba, ombi letu kwa daktari bado lipo, kwa sababu hatuna mwingine.

Na kama Daktari Theonest bado ana lile swali lake la kwa nini nachechemea, mwambie nitakuja Jumatatu ijayo kumjibu. Aniandalie nafasi ya picha, mguu wa kushoto. Nitakuja na mama yangu. Jogoo hatutamleta.